Kung'oa programu kwenye Windows pamoja na mabaki yake

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni moja. Mtu kachoshwa na programu, anafungua C:\Program Files, anaikuta folda yake, anaifuta. Nusu ya folda inaondoka, nusu inagoma kwa madai kwamba inatumika. Kuanzia hapo programu haifunguki, lakini jina lake bado limo kwenye orodha. Kila mashine ikiwaka, kinajitokeza kidirisha cha kulalamika kuwa faili fulani halionekani. Ukijaribu kuiondoa kwa njia ya kawaida inakataa, kwa sababu faili la kuiondolea lilikuwa ndani ya folda ileile uliyoifuta.

Programu ya Windows haikai chumba kimoja. Program Files ni sebule tu. Mipangilio yako iko AppData, data ya watumiaji wote iko ProgramData, anwani zake zimeandikwa kwenye rejistri (daftari la mipangilio la Windows), na kama ni ya kufanya kazi chinichini basi ina huduma inayowaka pamoja na mashine, ina kazi iliyopangiwa saa, pengine ina draiva pia (programu ndogo ya kuiunganisha Windows na kifaa). Aliyevitawanya vyote hivyo ndiye anayejua viko wapi, naye ni kisakinishi chake. Kwa hiyo utaratibu ni huu na haugeuzwi: zima programu, iondoe kwa mlango wake yenyewe, washa mashine upya, ndipo uanze kuokota mabaki kwa mkono. Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11.

Kabla ya kugusa kitu

Kwanza data. Programu za mahesabu ya duka, za hoteli na za zahanati ndogo mara nyingi huweka hifadhidata yake ndani ya ProgramData au ndani ya folda ya programu yenyewe, si kwenye Documents. Toa nakala uiweke kwenye flash, kisha hakikisha nakala inafunguka. Kama programu ililipiwa, nakili namba ya leseni, na kama inaruhusu mashine moja tu, itoe kwanza kwenye akaunti yako ukiwa bado ndani yake. Ukiiondoa bila kufanya hivyo, leseni inaweza kuhesabika kuwa bado inatumika.

Pili, tengeneza mahali pa kurudia. Andika "Create a restore point" kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows. Kama mbele ya diski C pameandikwa Off, bofya Configure, chagua Turn on system protection, uipe asilimia 3 hadi 5 ya diski, kisha bofya Create. Hii inarudisha rejistri, draiva na mafaili ya mfumo. Hairudishi picha wala nyaraka ulizofuta, usiitegemee kwa hilo.

Tatu, ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows ya diski. Laptopu nyingi mpya zinafunga diski zenyewe bila mwenyewe kujua, na ukiingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) zinaweza kudai namba ya tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, fungua aka.ms/myrecoverykey, uione hiyo namba kwa macho yako kabla ya kuanza. Ukikwama kwenye skrini ya buluu bila namba hiyo, hakuna fundi wa kukusaidia kufungua diski.

Kuna vya kuviacha pia. Ukiona mstari mrefu wa Microsoft Visual C++ Redistributable, wa 2005, 2008, 2010 mpaka wa karibuni, usidhani ni marudio. Kila toleo linategemewa na programu tofauti. Kadhalika .NET, WebView2 Runtime, na draiva za Intel, AMD, NVIDIA na Realtek. Havisumbui mtu, na ukivitoa ndipo programu nyingine zinapoanza kulalamika kuhusu DLL, yaani mafaili yanayotumiwa na programu kwa pamoja.

Kuiondoa kwa mlango wake

Ifunge programu. Si kubofya alama ya X tu. Angalia kona ya chini kulia karibu na saa, kwenye kimshale cha alama zilizofichwa, bofya kulia uchague Quit au Exit. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ufungue Task Manager uhakikishe haipo. Kama ipo, ichague ubofye End task.

Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika:

appwiz.cpl

Hii ni orodha ya zamani ya Control Panel, na bado ina jambo moja zuri: safu ya Installed On. Bofya kichwa cha safu hiyo, orodha ijipange kwa tarehe. Programu ya kero ni nadra kuja peke yake. Aliyepakua kigeuza video cha bure na kubofya Next, Next, Next amejikuta na kivinjari kipya, kisafisha diski na kisasisha draiva, vyote vya siku ileile. Tarehe inakuonyesha ukoo mzima. Andika majina yao kwenye karatasi, pamoja na jina la kampuni kwenye safu ya Publisher, kwa sababu baadaye folda nyingi zitakuwa na jina la kampuni, si la programu.

Bofya Uninstall, na usome. Kwenye programu za kero, vitufe vimepangwa kukudanganya: kitufe kikubwa chenye rangi ni cha kubaki nayo, na maandishi ya kijivu yaliyofifia ndiyo ya kuendelea kuiondoa. Ukiulizwa kama mipangilio na data ya mtumiaji ifutwe pia, weka alama. Hapo umepunguza nusu ya kazi ya baadaye. Visakinishi vya zamani huuliza kuhusu mafaili ya DLL yanayotumiwa na wengine; hapo jibu ni No to All. Kilobaiti chache za DLL iliyobaki hazidhuru kitu.

Programu ambazo hazimo kwenye orodha hiyo mara nyingi ni za Microsoft Store. Hizo zitafute Settings, kwenye Apps, kisha Installed apps (kwenye Windows 10 ni Apps & features). Zile zisizo na kitufe cha Uninstall fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, utafute jina lake kamili:

Get-AppxPackage *jina*

Ukishahakikisha kilichoonekana ni kimoja na ndicho unachotaka:

Get-AppxPackage *jina* | Remove-AppxPackage

Hizo nyota mbili ni hatari ukiandika neno fupi, maana zitabeba kila kinachofanana. Usifute chochote kwa mkono ndani ya C:\Program Files\WindowsApps.

Ukimaliza, chagua Restart, si Shut down. Kuanzia Windows 8 kuna Fast Startup: ukizima kwa Shut down, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilekile. Mafaili yaliyoandikiwa kufutwa mashine itakapowaka hubaki yalivyo mpaka ufanye Restart ya kweli. Wengi wanaosema "nimezima nikawasha, bado ipo" shida yao ni hii.

Ikikataa kuondoka

Soma ujumbe wenyewe, kwa sababu kila mmoja una dawa yake. Ukiambiwa unins000.dat haipo, programu hiyo ilisakinishwa kwa Inno Setup, na faili hilo ndilo daftari la kila kilichowekwa na mahali pake. Bila daftari, haiwezi kujiondoa. Ukiambiwa kitu unachotaka kutumia kiko kwenye mtandao usiopatikana, ile ni programu ya aina ya MSI (inayosakinishwa na Windows Installer) na nakala yake ndani ya C:\Windows\Installer imepotea, aghalabu kwa sababu kuna mtu aliifuta folda hiyo kutafuta nafasi. Folda hiyo inaweza kufika gigabaiti kadhaa, na bado si takataka. Iache.

Dawa ya zote mbili ni ya ajabu kidogo lakini ndiyo yenye uhakika zaidi: pakua toleo lilelile la programu, lisakinishe juu ya lile bovu, kisha uondoe upya kwa utaratibu. Kisakinishi kinarudisha daftari, nalo daftari linafanya kazi yake. Kama toleo halipatikani tena, Microsoft wana kifaa chao cha kupakua kinachoitwa Program Install and Uninstall troubleshooter, chenye kazi ya kusafisha kumbukumbu za MSI zilizovunjika. Baada ya hapo ndipo utumie Revo Uninstaller au Bulk Crap Uninstaller, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Hizi huendesha kiondoaji cha programu kwanza, halafu hutafuta mabaki na kukuonyesha kabla ya kufuta. Usibofye Select All. Soma kila mstari, na usichokitambua ukiache.

Safe Mode inasaidia pale programu inapojilinda. Shikilia Shift huku ukibofya Restart, pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4. Usipitie msconfig: ukikosea hapo mashine itaendelea kuwaka kwenye Safe Mode kila mara, na kama unaingia kwa PIN pengine ikukatae. Jua pia kwamba Windows Installer haifanyi kazi ndani ya Safe Mode, hivyo programu za MSI hazitoki humo. Hizo zitoe kwenye hali ya kawaida.

Kuokota mabaki ya folda

Tumia Windows+R na majina haya, moja baada ya jingine:

%ProgramFiles%
%ProgramFiles(x86)%
%ProgramData%
%AppData%
%LocalAppData%

Ongeza %LocalAppData%\Programs, wanakokaa wale wanaojisakinisha bila kuomba ruhusa ya msimamizi, na folda ya LocalLow iliyo jirani na Local. Tafuta kwa jina la programu na jina la kampuni, ndiyo maana uliyaandika kwenye karatasi. Kama kampuni ina programu nyingine unayoitaka, ingia ndani ya folda ya kampuni ufute kipande tu.

Folda ikikataa kufutika kwa kuwa inatumika, mara nyingi kilichoishika ni File Explorer yenyewe, kupitia kile kipengele ambacho programu ilichomeka kwenye menyu ya kubofya kulia. Fanya Restart, ufute kabla hujafungua kitu kingine. Njia nyingine ni kwenda Task Manager, ubofye Windows Explorer, uchague Restart.

Mafaili ya muda yako %Temp%. Chagua yote, ufute, yanayogoma yaruke. Ile njia ya Settings, System, Storage, Temporary files nayo ni nzuri, ila kwenye orodha yake mna mstari wa Downloads. Hakikisha hauna alama ya vema. Watu wamepoteza nyaraka za miaka humo wakidhani wanafuta takataka.

Mfano mmoja kwa karibu: AnyDesk iliyoachwa na fundi

AnyDesk ni programu halali ya kuendesha kompyuta kwa mbali, na mafundi wengi huitumia. Shida huja kazi inapokwisha nayo ikabaki, ikiwa imewekewa nywila ya kuingia bila wewe kubofya kukubali. Hapo kumwondoa mgeni ni pamoja na kumnyang'anya ufunguo.

Ifungue kwanza uone kama unaruhusu kuingia bila mtu, uzime kipengele hicho. Ifunge, kisha iondoe kwa appwiz.cpl. Sasa angalia sehemu mbili: C:\ProgramData\AnyDesk na %AppData%\AnyDesk. Ile ya ProgramData ndiyo yenye system.conf na service.conf, ambamo namba ya utambulisho ya mashine na taarifa za nywila huhifadhiwa. Ukiiacha, siku mtu akisakinisha AnyDesk tena inarudi na namba ileile na nywila ileile, kana kwamba hukufanya lolote. Futa folda zote mbili.

Kisha tafuta nakala zisizosakinishwa. AnyDesk.exe huendeshwa hata ikiwa kwenye Downloads au Desktop bila kusakinishwa, na hiyo haionekani kwenye orodha yoyote. Tafuta anydesk.exe kwenye diski nzima. Programu ndogo inayoitwa Everything inakupa jibu papo hapo, wakati utafutaji wa Windows unaweza kukuchukulia dakika nyingi. Mwisho, hakikisha huduma imeondoka, kwa namna itakayoelezwa hapo chini.

Huduma, kazi zilizopangwa na vinavyowaka na mashine

Kifaa bora hapa ni Autoruns, ya bure, kutoka Sysinternals ya Microsoft yenyewe. Ifungue kama msimamizi, nenda Options, weka alama Hide Microsoft Entries. Mistari ya njano ni ile ambayo faili lake halipo tena: hayo ndiyo mabaki yanayokuletea vidirisha vya kulalamika. Usifute mara moja. Ondoa alama ya vema kwanza, washa upya, tumia mashine siku mbili tatu. Kama hakuna kilichoharibika, rudi ufute.

Huduma iliyobaki inafutwa kwa mkono. Fungua services.msc, bofya mara mbili huduma hiyo, usome mstari wa Service name ulio juu kabisa. Hilo ndilo jina la kutumia, si lile refu la Display name. Soma pia Path to executable ujue ni ya nani. Funga dirisha hilo, fungua Command Prompt kama msimamizi:

sc.exe stop "JinaLaHuduma"
sc.exe delete "JinaLaHuduma"

Hiyo .exe usiiache. Kwenye PowerShell inayokuja na Windows, sc peke yake ni kifupi cha amri nyingine kabisa ya kuandika kwenye mafaili, na utajiachia faili jipya badala ya kufuta huduma. Ukipata kosa namba 1060, umekosea jina. Ukipata 1072, huduma imeshaandikiwa kufutwa ila kuna dirisha linaishikilia, mara nyingi services.msc yenyewe. Ifunge, au washa upya.

Kazi zilizopangwa ziko taskschd.msc, kwenye Task Scheduler Library. Majina yake hayaaminiki. "Update" na "Helper" zimejaa humo. Fungua kichupo cha Actions, uangalie ni faili gani linaloitwa. Likielekea kwenye folda uliyokwisha kuifuta, futa kazi hiyo.

Modemu za USB za kampuni za simu ni ukoo wa peke yake. Kila modemu ilikuja na programu yake, na mashine iliyopitia mitandao mitatu ina programu tatu, huduma tatu na rundo la draiva za mtandao. Ukishaziondoa, fungua Device Manager, kwenye View weka alama Show hidden devices. Vifaa vilivyofifia ni vile visivyochomekwa. Bofya kulia kile cha modemu, chagua Uninstall device, na uweke alama ya kuondoa draiva pia. Usiguse vilivyofifia vya makundi mengine kwa tamaa ya usafi.

VPN nazo zina tabia ya kuondoka na intaneti. Ukikuta Wi-Fi imeunganishwa lakini kurasa hazifunguki, nenda Settings, Network & internet, Proxy, uzime Use a proxy server. Isipotosha, endesha amri hii kama msimamizi kisha uwashe upya:

netsh winsock reset

Rejistri

Hapa ndipo pa kupita haraka. Funguo mia zilizobaki kwenye rejistri haziifanyi mashine kuwa nzito. Ni maandishi machache kwenye daftari kubwa. Sababu ya kuingia humu ni mbili tu: jina lililokwama kwenye orodha ya programu, au mipangilio inayokuzuia kusakinisha upya.

Fungua regedit. Jina lililokwama huwa katika mojawapo ya sehemu hizi:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall
HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\WOW6432Node\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall
HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall

Bofya funguo moja moja ukiangalia DisplayName upande wa kulia. Ukiipata, bofya kulia ufunguo huo, chagua Export, uhifadhi faili la .reg, ndipo ufute. Jambo likiharibika, bofya mara mbili faili hilo ufunguo urudi. Mipangilio ya programu utaikuta chini ya SOFTWARE\jina la kampuni, kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE na HKEY_CURRENT_USER.

Ukitumia Ctrl+F na F3, angalia unachotafuta. Mtu anayetafuta "Opera" ili aondoe kivinjari hicho atakutana na OperatingSystem na Operation kila hatua, na akifuta kwa mazoea ya kidole, Windows inaweza isiwake. Tumia jina la kampuni, au njia kamili ya folda.

Programu za "kusafisha rejistri" achana nazo. Microsoft hawaziungi mkono, na faida yake haipimiki. Hata msafishaji mwenye jina anaweza kugeuka mlango wa mwizi: mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner lilisambazwa likiwa limepandikizwa programu hasidi kwenye chanzo chake rasmi, na watumiaji wapatao milioni 2.27 walilipakua.

Antivairasi

Antivairasi za majaribio zinazokuja na laptopu mpya zimejichimbia ndani sana, kwa sababu kazi yake ni kutong'olewa kirahisi na virusi. Kuiondoa kwa njia ya kawaida mara nyingi huacha draiva zinazokagua kila faili na kila pakiti ya mtandao, mashine ikabaki nzito kuliko mwanzo. Kila mtengenezaji ana kiondoaji chake: McAfee wana MCPR, Avast wana Avast Clear, Kaspersky wana kavremover, ESET na Norton nao wana vyao. Kipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe kabla hujaanza. Ondoa kwanza kwa appwiz.cpl, washa upya, endesha kiondoaji (vingine vitataka Safe Mode), washa upya tena.

Kisha fungua Windows Security uone kama Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, imerudi kazini. Huwa inajizima antivairasi nyingine inapojisajili, na inapaswa kuamka yenyewe. Ikiwa bado inataja jina la ile iliyoondoka, kiondoaji hakijamaliza kazi.

Kuna kona moja ya Defender ambayo wengi hawaiangalii. Mashine iliyowahi kuendeshewa vile vifaa vya kuiwasha Windows au Office bila leseni mara nyingi ina folda zilizoandikwa zisikaguliwe. Kifaa chenyewe kinaweza kuwa kimeondoka, lakini ule msamaha umebaki, na kirusi chochote kikijiweka humo hakiguswi. Nenda Virus & threat protection, Manage settings, shuka mpaka Exclusions. Kwa amri, kwenye PowerShell ya msimamizi:

Get-MpPreference | Select-Object -ExpandProperty ExclusionPath

Usichokiweka mwenyewe kitoe. Ukikuta C:\ yote imesamehewa, fanya ukaguzi wa Microsoft Defender Offline scan kabla ya kufanya malipo yoyote kwenye mashine hiyo.

Kivinjari

Matangazo yanayochomoza pembeni mwa skrini yakisema una virusi, mara nyingi si programu kabisa. Ni tovuti uliyoibofyea Allow ikaruhusiwa kutuma arifa. Kwenye Chrome fungua chrome://settings/content/notifications, uondoe zote usizozijua. Kazi ya dakika moja, na watu wamewahi kubadilisha Windows nzima kwa sababu yake.

Ekstensheni zinazorudi kila ukiziondoa zina sababu mbili. Ama zinaletwa na akaunti yako kutoka kompyuta nyingine, hivyo zitoe huko pia au uzime ulandanishaji (Sync) kwanza. Ama zimelazimishwa kwa sera. Dalili ya pili ni maneno "Managed by your organization" kwenye kompyuta ambayo ni yako binafsi, ingawa antivairasi fulani nazo huyaleta. Fungua chrome://policy uone kilichoandikwa. Sera hizo hukaa HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome. Export kwanza, kisha ufute ile usiyoitambua. Angalia pia njia ya mkato ya kivinjari: bofya kulia, Properties, mstari wa Target. Unatakiwa kuishia na chrome.exe na alama ya kufungia nukuu. Kama mbele yake kuna anwani ya tovuti, ifute.

Inapobidi kuanza upya, na mashine za mtumba

Ukifikisha masaa matatu bado unahangaika, Reset this PC iko Settings, System, Recovery (kwenye Windows 10 ni Settings, Update & Security, Recovery). Keep my files inaacha nyaraka na kuondoa programu zote. Kwenye hatua ya kuchagua Cloud download au Local reinstall, wenye kuhesabu bando wachague Local: ile ya Cloud inaweza kula zaidi ya GB 4. Kama unashuku virusi vizito, afadhali kusakinisha Windows upya kwa flash ya GB 8 au zaidi iliyotengenezwa kwenye mashine nyingine iliyo safi.

Laptopu za mtumba zinazoingia kutoka Ulaya na Dubai zina mawili yasiyoondoka hata kwa kufuta diski yote. La kwanza ni usajili wa kampuni ya zamani: unasakinisha Windows upya, inaunganishwa na intaneti, inakudai barua pepe ya kazini ya kampuni usiyoijua. Usajili huo hauko kwenye diski, uko kwenye mifumo ya Microsoft chini ya akaunti ya kampuni hiyo, na wao tu ndio wanaoweza kuutoa. La pili ni Absolute, zamani ikiitwa Computrace, programu ya kufuatilia laptopu zilizoibwa, ambayo imewekwa kwenye BIOS (programu ya ubao mama inayowaka kabla ya Windows) na ina uwezo wa kujirudisha ndani ya Windows mpya. Ingia BIOS, angalia sehemu ya Security. Kama imeandikwa Activated au Enabled na huwezi kuibadilisha, hakuna programu ya kuiondoa. Kwa hiyo kagua kabla ya kulipa: muombe muuzaji asakinishe Windows mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako, mpaka ufike kwenye Desktop.